Niandike Kitabu kwa Programu Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojichapishia Vitabu vya Dijitali

Nakaa Lamu mjini, upande wa Langoni, na kazi yangu ni kuchapa na kupanga vitabu vya watu: hadithi, mashairi, vitabu vya dini, na kuna mmoja aliniletea kitabu cha mapishi kaandika chote kwa herufi kubwa. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila wiki, barazani, njiani, saa tano usiku kwenye simu, sasa nimeona bora niyaweke pahali pamoja. Nimeyapa namba ili nisirudie rudie maneno, nikisema angalia swali fulani wewe shuka ukalisome.

## Mwanzo kabisa

1. Niambie moja kwa moja, programu gani ndio nzuri ya kuandikia kitabu?

Ile unayoijua tayari. Najua hilo silo jibu ulilolitaka lakini ndilo la kweli, manake msomaji wako hatojua kama uliandika kwa Word ama kwa simu ukiwa ndani ya boti ya Mokowe, atakachokiona ni kama sura zinaanza vizuri na aya zimekaa sawa, na hayo yanatoka kwa vile ulivyolipanga faili lako (swali la 8), jina la programu halina uhusiano.

Kama hujui hata moja basi mimi nitakuchagulia. Una laptopu yako mwenyewe, weka LibreOffice Writer. Una simu tu, tumia Google Docs. Word ushainunua, baki nayo. Na kama hujafika hata sura ya tatu, tafadhali usinunue kitu chochote.

2. Sina laptopu, nina simu tu. Nitaweza kweli?

Kuandika utaweza, nina watu wawili hapa mjini wameandika riwaya nzima kwa kidole gumba. Apu ya Google Docs ni ya bure, ya Word pia ni ya bure kwa skrini ndogo kama za simu ukifungua akaunti, na WPS Office mara nyingi utaikuta imo ndani ya simu tokea dukani. Zote tatu zinatoa faili la docx (swali la 7) na hilo ndilo tunalolitaka.

Shida ya simu iko mwishoni, kwenye kupanga. Kuweka staili (swali la 8), kuondoa nafasi zilizozidi, kukagua yaliyomo, hayo yanataka skrini pana. Kwa hivyo andika simuni, kisha siku mbili tatu za mwisho tafuta kompyuta, ya saiba ama ya shemeji. Na kitu cha kwanza kabla hujaandika hata neno moja, zima yale masahihisho ya Kiingereza kwenye kibodi ama uiwekee Kiswahili, la sivyo kila "kama" yako itakuwa "karma" na hutoona mpaka msomaji akucheke.

Na jambo jengine, usiandikie kitabu kwenye WhatsApp ukijitumia mwenyewe meseji. Dada mmoja wa Shela aliniletea hadithi yake hivyo, akazichagua meseji zote akazikopi, zikaja na tarehe, saa na jina lake mwanzo wa kila moja. Tulikaa usiku kucha tunafuta.

3. Lazima niwe na Word? Naambiwa Amazon wanataka Word.

Wanataka faili la docx, ama EPUB (nayo iko swali la 7), ama lile linalotoka kwenye programu yao wenyewe ya Kindle Create. Docx si lazima itoke kwa Word. LibreOffice inafungua na kusevu docx, haina malipo yoyote, haina matangazo, na ukishaiweka haiulizi intaneti tena, jambo ambalo kwa sisi wa kununua bando si dogo. Kuidaunilodi ni kama MB 350 kwa Windows, kwa hivyo ngoja bando la usiku ama uje na flashi nikukopie, ruhusa ipo kabisa kisheria.

Isitoshe, LibreOffice tokea toleo la 6.0 la mwaka 2018 inatoa EPUB yenyewe. Word ya kwenye kompyuta haitoi EPUB mpaka leo, unahitaji programu ya pili kugeuza.

Angalia usiichanganye na OpenOffice. Ni ndugu wa mama mmoja, waliachana 2010, na yule aliyebaki na jina la zamani hawezi kusevu docx. Mtu akikwambia "ile ya bure haifanyi kazi" muulize alidaunilodi ipi.

4. Kuna jamaa anawekea watu Word ya kukrakiwa kwa mia tano. Nifanye?

Usifanye. Achana na mambo ya sheria kwanza, wewe unaweka kazi yako ya miaka miwili juu ya mashine ambayo humjui aliyeifungua mlango wa nyuma. Nimeshaona flashi za namna hiyo, unaifungua folda zote zimekuwa njia za mkato, ukibonyeza hakuna kitu. Word ya bure na halali ipo mtandaoni, unaingia kwa akaunti ya Microsoft ukaandikia ndani ya kivinjari, na ikikushinda intaneti rudi swali la 3.

5. Google Docs si inataka intaneti muda wote?

Hapana, ila uiambie mapema. Simuni unaligusa faili unaliwekea kupatikana nje ya mtandao, kwenye kompyuta unatumia Chrome na unawasha hio sehemu kwenye mipangilio ukiwa bado na mtandao. Baada ya hapo stima ikienda, mtandao ukienda, wewe unaandika tu na itajipanga ikirudi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inajisevu yenyewe kila unapoandika, na ukiharibu unarudi nyuma kwenye toleo la jana. Ubaya wake ni uzito, kitabu kikipita kurasa mia tatu hivi na simu yako si ya nguvu, kila herufi unaisubiri. Na ina kikomo, faili moja haliwezi kupita herufi milioni 1.02, lakini kitabu cha kawaida hakifiki huko. Dawa ni kugawa, kila sura faili lake, halafu unaziunganisha mwisho. Ukimaliza, kwenye kompyuta, ile menyu ya kudaunilodi itakupa docx na EPUB pia.

## Programu za kulipia

6. Nimesikia Scrivener, Vellum na Atticus ndio za waandishi wa kweli. Ni kweli?

Waandishi wa kweli ni wanaomaliza kitabu, lakini haya, nizieleze.

Scrivener ni ya kuandikia. Inakupa kitabu chako vipande vipande pembeni, sura, matukio, maelezo ya wahusika, utafiti, na unavihamisha kama unavyopanga kadi. Bei yake ni karibu dola 60 mara moja, ya Windows na ya Mac zinauzwa mbali mbali, na Android haipo. Majaribio yake ni ya siku 30 lakini zinahesabiwa siku unazoifungua tu, kwa hivyo ukiifungua Jumamosi peke yake utakaa nayo zaidi ya nusu mwaka. Kwa anayeandika historia ya ukoo ama riwaya yenye watu arobaini, naona inafaa. Kwa hadithi fupi ni kununua jahazi la kuvukia Manda, hapo ng'ambo tu.

Vellum ni ya kupanga kitabu kilichokwisha. Inatoa vitabu vizuri kupita zote, sikatai, lakini ni ya Mac tu na ni karibu dola 200 kwa vitabu vya dijitali peke yake. Atticus ni dola 147, inafunguka kwenye mashine yoyote.

Mimi binafsi sijamwambia mtu yeyote wa hapa anunue moja ya hizi mbili kwa kitabu cha kwanza. Reedsy wana kihariri chao cha bure mtandaoni kinachotoa EPUB safi, na Draft2Digital ukiwapa docx wanakugeuzia EPUB hata kama hutochapisha kupitia kwao. Hio dola 200 mpe mhariri.

## Faili lenyewe

7. Docx, EPUB, PDF, MOBI, hizi zote ni za nini?

Docx ni shamba, ndimo unamolimia. Unabaki na docx yako maisha, kila marekebisho unafanyia humo.

EPUB ni kitabu chenyewe kilichovunwa tayari kuuzwa. Ndani yake ni kurasa ndogo ndogo kama za tovuti zimefungwa furushi moja, ndio sababu msomaji anaweza kukuza herufi na maneno yakajipanga upya kwenye skrini yake. Maduka karibu yote yanaichukua.

PDF ni picha ya karatasi. Haijipangi, kwenye simu msomaji anavuta kushoto kulia kama anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Lakini sitosema usiitumie, kwa sababu najua watu wengi hapa mnauza kwa WhatsApp, mteja anatuma M-Pesa nawe unamtumia faili, na wateja wengi EPUB hawajui waifungulie wapi. Basi kama ni PDF, usitumie ukurasa wa A4. Weka ukubwa wa A6, herufi za 12 ama 13, pembeni acha kidogo tu, ukurasa utalingana na kioo cha simu bila kuvuta.

MOBI sahau, Amazon wenyewe wameacha kuipokea kwa vitabu vipya.

8. Kila mtu anakuja kwako unamwambia staili, staili. Staili ni nini?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni mapambo.

Wewe ukitaka kuandika "Sura ya Kwanza" unafanyaje? Watu tisa kwa kumi wanaandika maneno, wanayakoleza, wanayakuza mpaka 18, wanayaweka katikati. Kwa macho yako hicho ni kichwa cha sura. Kwa kompyuta hayo ni maneno ya kawaida yaliyonenepa, haijui kama hapo sura imeanza. Kwa hivyo ukigeuza kuwa EPUB, orodha ya yaliyomo inatoka tupu, msomaji hawezi kuruka kwenda sura ya tano, na saa zingine sura mpya inaanza katikati ya skrini chini ya ile iliyokwisha.

Staili ni kumwambia kompyuta hichi ni kitu gani, sio kinafanana vipi. Unaweka kishale kwenye "Sura ya Kwanza", unabonyeza pale palipoandikwa Heading 1, basi. Umbo lake utalibadilisha baadaye mara moja na sura zote thelathini zitafuata. Maandishi ya kawaida yabaki na staili moja, na ndani ya hio staili ndimo unamoweka ule mwanya wa mstari wa kwanza wa aya, sio kwa kubonyeza nafasi mara tano. Sura mpya usiifikishe kwa kubonyeza Enter mpaka ukurasa uishe, bonyeza Ctrl na Enter mara moja, ukurasa unakatika wenyewe.

Word, LibreOffice na Google Docs zote tatu zinazo hizi staili na zile za vichwa zinaitwa majina yale yale. Ukijifunza kwa moja umejifunza kwa zote, na ndio maana swali la 1 nalijibu vile.

9. Nimechelewa. Kitabu kimekwisha na nimetumia nafasi na Enter kila mahali.

Usilie, karibu wote mnakuja hivyo. Kwanza sevu nakala pembeni. Halafu washa ile alama ya ¶ kwenye Word ama LibreOffice, itakuonyesha kila nafasi kama nukta na kila Enter kama ile alama, hapo ndipo utakapoona maovu yako yote.

Kama uchafu si mwingi, tumia kutafuta na kubadilisha: nafasi mbili ziwe moja, rudia mpaka iseme hakuna tena. Kama umezidi, kuna njia ya kuosha kabisa, kopi kitabu chote, kipesti ndani ya Notepad, kikopi tena kutoka Notepad kirudi kwenye faili jipya. Kila umbo litakufa, maneno yatabaki uchi, nawe unaanza kuweka staili upya. Onyo ni kwamba italiki zako zote zitapotea pamoja na tanbihi na picha, kwa hivyo ziandike mahali kwanza. Mashairi usiyapitishe huko kabla hujasoma swali la 14.

10. Namba za kurasa zinakataa kutokea, na fonti niliyoichagua imebadilika. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kitabu cha dijitali hakina kurasa za kudumu, mwenye macho mazima anapata kurasa mia na bibi yangu aliyekuza herufi anapata mia nne, sasa namba utaiweka wapi. Fonti pia msomaji anajichagulia. Toa namba, toa yale maneno ya juu na chini ya ukurasa, usiandike "tazama uk. 45", andika "tazama sura ya nne".

11. Picha je?

Ziingize kwa menyu ya kuingiza picha, usizipesti, na uziweke zikae kwenye mstari kama neno, zisielee pembeni. Maneno yaliyo ndani ya kisanduku usiyategemee, kwenye kugeuza huwa yanapotea. Punguza ukubwa kwanza, picha za simu siku hizi moja ni MB 4 ama 5, na kwa Amazon ukichagua mrabaha wa asilimia 70 wanakata gharama ya kulipeleka faili, kwa mauzo ya Marekani ni senti 15 za dola kwa kila MB. Kitabu cha mapishi chenye picha sitini kinaweza kula faida yako yote.

Jalada haliingii ndani ya docx, linapandishwa peke yake. Kwa KDP, ile huduma ya Amazon ya kujichapishia, ukubwa mzuri ni pikseli 2560 kwenda juu na 1600 upana.

## Mambo ya Kiswahili chetu

12. Kila neno limepigiwa mstari mwekundu. Ni makosa yote haya?

Programu inadhani unaandika Kiingereza, ndio inashangaa. Chagua maandishi yote uyabadilishe lugha kuwa Kiswahili. LibreOffice inayo kamusi ya kukagulia Kiswahili, ya Tanzania, na Word unaiongezea kifurushi cha lugha.

Ukiandika Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, mstari mwekundu utarudi, na hapo usiusikilize. "Mato", "nti", "kuya", "moya", hizo zote itakuambia ni makosa na itakushauri sanifu yake. Bonyeza kulia ulitie neno kwenye kamusi yako, baada ya sura mbili itakuwa imezoea. Nimeshaona mtu amekubali masahihisho yote kwa mpigo mmoja, mazungumzo ya nyanya yake mwenye miaka themanini wa Mkomani yakatoka kama taarifa ya habari.

13. Ile koma ya juu kwenye ng'ombe inanitesa.

Inatesa kila mtu. Kuna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kitabu kilichoandikwa nusu simu nusu kompyuta huwa nazo zote mbili, ukurasa mmoja ng'ombe na ng’ombe wanalisha pamoja. Chagua moja. Kwenye Word, hakikisha ile sehemu ya kupindisha alama imewashwa, halafu tafuta ' na ubadilishe kwa ' hio hio, itazipindisha zote.

Inayobaki ni ile ya mwanzo wa neno, kama umekata silabi kwenye shairi, ’mekuja, ’sende. Programu inadhani umefungua nukuu kwa hivyo inaipindua kichwa chini. Kwenye Word shika Ctrl ubonyeze ', achia, bonyeza ' tena, itakaa sawa. Kwenye simu ibonyeze kwa muda mrefu uchague.

14. Naandika mashairi. Kwenye laptopu yamekaa sawa, kwenye simu yamevurugika.

Mzee mmoja alinijia na flashi, diwani nzima, kazi ya maisha. Kila mshororo una vipande viwili, na yeye alitaka utao, kile kipande cha pili, ukae safu yake kulia, umenyooka juu mpaka chini, kwa hivyo alikuwa akimaliza ukwapi, kile cha kwanza, anabonyeza nafasi kumi na mbili, kumi na tano, mpaka ilingane kwa macho. Kwenye karatasi ni pambo. Nikaifungua kwenye simu yangu, ikawa hivi (mshororo ni wangu, si wake):

Bahari haina njia,           hupitwa
kwa marikebu

Mizani kumi na sita haziingii kwenye kioo cha simu, hakuna programu itakayoziingiza, hata ulipe dola ngapi. Mzee alinyamaza, akatoa miwani, akaniuliza, "Sasa mwanangu, wasomaji watajuaje kwamba nimepanga?" Tukakubaliana kila kipande kipate mstari wake:

Bahari haina njia,
hupitwa kwa marikebu

Jinsi ya kufanya: mwisho wa kila kipande bonyeza Shift na Enter, mwisho wa ubeti ndio Enter yenyewe. Tengeneza staili yako uiite Ubeti, isiwe na mwanya wa mstari wa kwanza, iwe na nafasi chini, na uilaze kushoto, usiinyooshe pande zote mbili manake ile Shift na Enter itavuta maneno yaachane kama meno ya mtoto. Washa pia ile ya kuweka mistari pamoja ili ubeti usikatike nusu kwa nusu.

Wa tenzi mna bahati, vipande vyenu ni vya mizani nane na vimeshajipanga vinne vinne tokea kwa mababu, vinaingia simuni bila taabu.

15. Kitabu changu kina aya za Qur'ani ama maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Hapa LibreOffice inaizidi hata Word kwa mtazamo wangu, ukienda kwenye mipangilio ya lugha ukawasha maandishi changamano inakupa fonti ya Kiarabu mbali na ya kilatini ndani ya aya moja. Fonti mbili za bure nilizozizoea ni Amiri na Scheherazade New. Hii ya pili inazo hata zile herufi zilizoongezwa nukta kwa sauti zetu kama p, ch na v.

Usikopi aya kutoka PDF. Herufi zinakuja zimeachana ama zimegeuka nyuma mbele, na hilo si kosa dogo kwenye kitabu cha dini. Ukigeuza kwa Calibre, nayo ni ya bure, chagua kuzifungia fonti ndani ya EPUB, kisha mtu anayejua kusoma akague kwenye simu mbili tofauti. Kuweka aya kama picha inafaa kwa dharura tu, msomaji akitumia skrini nyeusi anaona kisanduku cheupe kama dirisha.

Kama kitabu chote ni cha herufi za Kiarabu, kurasa zinatakiwa zifunguke kutoka kulia. Huo ni mstari mmoja tu ndani ya EPUB na unaandikwa kwa programu inayoitwa Sigil. Njoo tukae.

16. Naweza kusema ikaandika yenyewe?

Naam, kibodi ya Google na Google Docs zote zinasikia Kiswahili. Nukta na koma utaziweka mwenyewe, na ukisema Kiamu inakuandikia inavyotaka yeye. Kwa kunasa hadithi za wazee ni msaada mkubwa, rasimu ya kwanza lakini, sio kitabu.

## Kabla ya kutoa

17. Mhariri wangu yuko Mombasa na anataka Word, mimi natumia LibreOffice.

Mtumie docx. Akiwasha kufuatilia mabadiliko, utayaona kwako na utakubali ama kukataa moja moja. Wakati wa kuandika wewe sevu kwa odt ya LibreOffice, na docx uitoe siku ya kutuma tu, manake kila ukizungusha huku na huku meza na mapambo yanasogea.

18. Nihifadhi wapi nisipoteze?

Mahali patatu, na nitasema kwa nini. Mwaka mmoja wakati wa kusi stima ilikuwa inakatika kila jioni, betri ya laptopu yangu ilikuwa ya kufa, nami nilikuwa nimefungua faili moja kwa moja ndani ya flashi. Ikazima. Nikaing'oa flashi kwa hasira nikaipeleka kwa jirani mwenye sola, faili likafunguka kurasa tupu. Sura tatu za mteja. Nilizichapa upya kutoka kwa daftari lake na sikumwambia mpaka nilipomaliza.

Kwa hivyo: fanyia kazi kwenye laptopu, jioni kopi kwenye flashi, usiku jitumie kwa imeili. Kwenye Word, ile ya kujiokoa yenyewe imewekwa dakika 10, ishushe iwe 2. Majina ya faili yawe na tarehe, yale ya "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wallahi" hayamsaidii mtu. Na laptopu ifunike, hewa yetu ya chumvi haina huruma na kibodi.

19. Nitajuaje kimekaa sawa kabla watu hawajanunua?

Kindle Previewer ni ya bure kwenye kompyuta. Simuni, pandisha EPUB yako kwenye Google Play Books, kwa iPhone ifungue na Apple Books. Kuza herufi mpaka mwisho, geuza skrini nyeusi, bonyeza kila jina la sura kwenye yaliyomo. Kuna EPUBCheck pia inayokagua kama furushi limefungwa sawa, ikikupa makosa mia usishtuke, mara nyingi ni kosa moja limejirudia.

20. Amazon wanakubali Kiswahili? Na ISBN?

KDP wana orodha ya lugha wanazozipokea na inabadilika, isome kabla hujakaa kupanga, kwa sababu kitabu cha lugha isiyokuwemo kinaweza kurudishwa. Ndio sababu ya kung'ang'ania EPUB, mlango mmoja ukifungwa unaipeleka mlango mwengine bila kuanza upya. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, kwa KDP ya dijitali si lazima, wao wanakupa namba yao. Ukiitaka, Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na kila umbo la kitabu linataka yake.

21. Nimelipa mtu akanipangia, sasa nataka kurekebisha neno moja na ananidai tena.

Alikupa PDF peke yake, sivyo? Mimi pia nilifanyiwa hivyo kitabu changu cha kwanza, kabla sijajifunza kazi hii. Siku ya kukubaliana bei, sema kabisa kwamba unataka docx na EPUB mkononi, sio PDF tu. Kama imeshatokea, ipandishe PDF kwenye Google Drive uifungue kwa Docs, maneno utayapata, umbo litakuwa limevunjika, halafu fuata swali la 9.

22. Naweza kukuletea flashi?

Lete, baada ya alasiri, kama stima ipo. Lete docx, sio picha za skrini.